MPIRA UMEGUSA MKONO: JE, NI KOSA?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Mkoa wa Simiyu

Nawasalimu nyote mliokusanyika jioni hii katika madarasa ya kisomo: ninyi wa hapa Bariadi, na wa Maswa, na wa Meatu, na wa Itilima, na wa Busega. Natumaini kwamba taa inawaka vizuri, na kwamba kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno manne ubaoni kwa herufi kubwa, maana tutayatumia: MKONO, KUSUDI, PICHA, HUKUMU.

Somo lililopita lilikuwa juu ya kusoma risiti ya pamba. Leo nilitaka kuendelea na hesabu za risiti hiyo, lakini nimepata barua. Imetoka kwa mama mmoja katika darasa la Meatu, na ni barua ya kwanza aliyopata kuiandika kwa mkono wake mwenyewe bila ya kusaidiwa. Barua ya namna hiyo haifai kungojeshwa. Mama huyo aeleza kwamba ana wana wawili wakubwa. Walikwenda pamoja kutazama mpira katika kibanda cha video, kile tunachokiita kibanda umiza, wakarudi kila mtu na njia yake. Siku mbili hawakusemezana, hata kazi ya kupalilia ikalala. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mpira uliomgonga mchezaji mkononi. Mama anauliza hivi: "Ikiwa picha imeonyesha kwamba mpira umegusa mkono, na watu wote wameona, wanagombania nini tena?"

Mama, swali lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Wakuu wa mpira duniani wamekaa vikao vingi juu ya swali hilo hilo, na mpaka leo hawajalimaliza. Basi na tulitazame pamoja.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua madarasa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Itilima. Jioni kulikuwa na mpira, vijana wa vitongoji viwili wakigombea mbuzi. Refa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, amevaa kaptura nyeusi, filimbi shingoni. Hakulipwa kitu, nadhani aliahidiwa soda. Zilipobaki dakika chache, mshambuliaji mmoja alipiga mpira kwa nguvu kuelekea golini. Beki akajitupa ili auzuie, akaanguka ubavu, mkono wake mmoja umejitegemeza chini, na mpira ukaugonga mkono ule ule. Watu wakapiga kelele: "Mkonooo!" Nami nilipiga kelele, sifichi. Refa akaonyesha ishara kwamba mchezo uendelee.

Sasa, kijana mmoja alikuwa akipiga picha za video kwa simu yake. Mpira ulipokwisha watu wakamzunguka. Wakaitazama picha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mpira ulionekana wazi ukigusa mkono. Basi hapo likabaki neno moja tu: refa amehongwa. Mawe yakaanza kuruka. Mwalimu yule alikimbilia nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji, akakaa humo mpaka usiku, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Tangu siku ile hajashika filimbi tena. Vijana wa kijiji kile hucheza bila refa, na kwa hiyo kila goli kwao ni ugomvi.

Nilirudi Bariadi nikatafuta sheria za mpira, nikazisoma. Hapo ndipo nilipoona haya. Mimi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimempigia mtu kelele kwa ajili ya sheria ambayo sikupata kuisoma hata mara moja.

Sheria za mpira wa miguu ni 17. Hutungwa na baraza moja la kimataifa liitwalo IFAB, ambalo lilianzishwa mwaka 1886. Mambo ya mkono yamo katika Sheria ya 12. Nawaomba msikilize vizuri hapa, maana watu wengi huteleza mahali hapa. Sheria haisemi kwamba mpira ukigusa mkono ni kosa. Yasema kwamba si kila mguso wa mkono ni kosa. Mwalimu, tafadhali waambie waliseme neno hilo kwa sauti mara mbili.

Kwanza tuulize, mkono ni nini? Katika Kiswahili chetu mkono waanzia begani. Katika Sheria ya 12 mkono waanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigonga bega juu ya usawa huo, sheria haiuhesabu kuwa mkono. Kila mmoja ainue mkono wake, na jirani yake amwonyeshe mahali penyewe.

Sasa tufike kwenye kosa. Hapa nitatumia ng'ombe, maana ng'ombe twawajua sote. Umeamka asubuhi, ukaenda shambani, ukakuta mtama wako umeliwa. Nyayo za kwato zipo. Hakuna awezaye kubisha kwamba ng'ombe waliingia. Lakini wazee wakikaa barazani hawaishii kwenye kwato. Huuliza: waliingiaje?

Huenda mchungaji aliwaswaga makusudi ili washibe mali ya mtu. Hapo hakuna maneno, atalipa. Huo ndio mkono wa kusudi: mchezaji ameupeleka mkono wake kwenye mpira.

Huenda mwenye ng'ombe hakuwatuma, lakini alilala bila kuziba mlango wa zizi kwa miiba. Hakukusudia mtama uliwe, lakini alijua kwamba ng'ombe hutoka penye wazi. Yeye naye atalipa. Ndivyo ilivyo kwa mchezaji aliyetanua mikono yake akaufanya mwili wake uwe mpana kuliko inavyostahili kwa mwendo aliokuwa nao. Sheria humwona kuwa amejitia katika hatari mwenyewe. Mpira ukimgonga mkononi, amekosa, hata kama hakukusudia.

Au pengine zizi lilifungwa vizuri, fisi akaja usiku, ng'ombe wakashtuka wakavunja ua. Wazee wengi wataiita bahati mbaya. Katika mpira ni hivyo hivyo kwa mkono uliokuwa mahali pake: mtu akikimbia hupunga mikono, akiruka huiinua, akianguka hujishika chini. Mpira ukiukuta mkono mahali ambapo mwendo wa mwili umeupeleka, si kosa.

Kuna jambo moja ambalo sheria hailipimi kwa kusudi hata kidogo. Mchezaji akifunga goli kwa mkono, au mpira ukimgusa mkono na papo hapo akafunga, goli hilo halihesabiwi hata kama ni bahati mbaya. Hilo ni rahisi, tuliache.

Mpaka mwaka 2019 sheria iliuliza habari ya kusudi tu. Mwaka 2019 wakaongeza maneno mengi juu ya mahali pa mkono, mwaka 2021 wakayapunguza tena. Mimi naona kila walipoongeza maneno ili kuondoa ubishi, ubishi ulihamia kwenye maneno mapya. "Mwili umekuwa mpana kuliko inavyostahili." Unastahili kwa kipimo cha nani? Mnaona?

Basi na tuje kwenye picha. Zamani refa alikuwa na macho yake mawili tu na ya wasaidizi wake. Tarehe 22 Juni 1986, katika mji wa Mexico, Argentina walicheza na Uingereza katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Diego Maradona aliruka pamoja na golikipa Peter Shilton akausukuma mpira golini kwa mkono wa kushoto. Refa alikuwa Mwafrika, Ali Bennaceur wa Tunisia. Hakuuona mkono ule. Akamtazama msaidizi wake, Mbulgaria, naye hakuinua kibendera. Goli likakubaliwa, na Argentina wakashinda 2 kwa 1. Bennaceur aliutunza mpira wenyewe miaka 36, ukauzwa kwa mnada London mwezi Novemba 2022 kwa pauni milioni 2. Lakini tazameni, kosa lile lilikuwa la kutoona. Kama kungalikuwa na picha siku ile, mtoto wa darasa la kwanza angalitoa hukumu.

Kwa ajili ya mambo kama hayo ukatafutwa msaada wa picha za video, ambao watu huuita VAR. Uliandikwa katika sheria mwaka 2018, na mwaka huo huo ukatumika katika Kombe la Dunia huko Urusi. Marefa wengine hukaa chumbani mbele ya picha nyingi zilizopigwa kutoka kila upande. Wakiona refa wa uwanjani amekosea, humwambia sikioni, naye aweza kwenda kando ya uwanja akajionea mwenyewe. Mnajua ile ishara yake ya kuchora mraba hewani kwa vidole. Lakini mambo mawili yafaa myakumbuke. Refa wa uwanjani ndiye mwenye neno la mwisho. Tena hukumu yake haibadilishwi kwa sababu mtu mwingine angaliamua vingine. Hubadilishwa kosa likiwa wazi kabisa.

Watu walidhani kwamba ugomvi sasa umekwisha. Wapi!

Tarehe 15 Julai 2018, Moscow, fainali yenyewe ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Croatia walikuwa 1 kwa 1. Kona ilipigwa, Blaise Matuidi wa Ufaransa akaruka akaukosa mpira, na nyuma yake mpira ukamgonga Ivan Perišić wa Croatia mkononi. Refa Néstor Pitana wa Argentina hakutoa penalti. Akaitwa akatazame picha. Akatazama, akaondoka, akarudi tena kutazama, kisha akatoa penalti. Antoine Griezmann akafunga, na Ufaransa wakachukua kombe kwa 4 kwa 2. Nawaulizeni, refa yule alirudi kutafuta nini? Kwamba mpira umegusa mkono alikwisha kuona mara ya kwanza. Alichokuwa akikitafuta hakikuwamo katika picha.

Mwaka uliofuata jambo hilo likafika Afrika. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 huko Misri, msaada wa picha ulianza kutumika kwenye robo fainali. Tarehe 14 Julai ilikuwa nusu fainali, Senegal na Tunisia, na refa alikuwa jirani yetu, Bamlak Tessema wa Ethiopia. Senegal waliongoza kwa goli 1 katika dakika za nyongeza. Mpira ukamgonga Idrissa Gueye wa Senegal mkononi ndani ya eneo la hatari. Bamlak akatoa penalti kwa Tunisia. Ebu fikirini: penalti moja ili wasawazishe, na fainali iko mbele yao. Akaitwa kwenye picha. Akatazama. Akaifuta penalti. Senegal wakaenda fainali.

Na katika fainali, tarehe 19 Julai, Cairo, yakawageukia wao! Senegal walikuwa nyuma kwa goli 1 mbele ya Algeria. Refa Alioum wa Cameroon aliwapa penalti kwa mkono wa Adlène Guedioura. Naye akaenda kutazama picha, akaona mkono ulikuwa karibu na mwili, akaifuta. Algeria wakachukua kombe kwa goli lile lile 1. Senegal waliipata fainali kwa penalti ya mkono iliyofutwa, wakaikosa nafasi ya kusawazisha katika fainali kwa penalti ya mkono iliyofutwa, na siku kati yake ni tano tu.

Moscow picha ilileta penalti. Cairo picha ziliondoa penalti mbili. Katika mechi hizo tatu ubishi haukuwa kama mpira uligusa. Ubishi ulikuwa kama mguso ule ni kosa. Haya ni maswali mawili, ndugu zangu, na wana wa mama yule waliyachanganya yakawa swali moja.

Wakulima wa pamba watanielewa upesi. Mnapopeleka pamba kwenye chama cha msingi, karani hufanya kazi mbili. Huweka mzigo kwenye mizani, na mizani yasema kilo. Mizani ikiwa nzima, kilo hazina ubishi. Wewe wazisoma, naye azisoma. Kisha karani huingiza mkono ndani ya gunia, atazama, apekua, aamue kama hiyo ni pamba safi au pamba fifi. Hapo hakuna mizani. Hapo kuna jicho la mtu, na uzoefu wake, na uaminifu wake. Ukimwambia apime tena, kilo zitakuwa zile zile, na daraja bado litakuwa la kubishaniwa. Picha ya mpira ni kama mizani. Yasema umegusa, haukugusa. Daraja la kosa haliwezi kulisema.

Nao waliotunga utaratibu wa VAR walilijua jambo hili, maana waliliandika. Wameandika kwamba picha inayokwenda polepole itumike kuonyesha mahali mpira ulipogusa. Lakini ili kuamua kama mguso huo ni kosa, picha itazamwe kwa mwendo wake wa kawaida. Kwa nini? Jaribuni hapo darasani. Mtu mmoja atupe karatasi iliyokunjwa, mwenziwe ageuke ghafla. Kwa mwendo wa kawaida mtaona mtu aliyeshtuka. Picha hiyo hiyo ikienda polepole, yule mtu ataonekana kama aliyekuwa na muda wa kufikiri, akapanga, akainua mkono kwa hila. Picha ya polepole humtengenezea mtu kusudi ambalo hakuwa nalo. Ndiyo picha waliyoitazama wale watu wa Itilima, wamezunguka simu, wakiisimamisha kwa kidole kila mara mahali pale mpira ulipogusa.

Sisemi kwamba picha haina kazi. Ipo siku ambayo kazi ilikuwa ya mizani tupu, na mizani ikapungua. Mashabiki wa Yanga hawahitaji nitaje siku hiyo, lakini nitaitaja: tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, Afrika Kusini, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, mechi ya pili na Mamelodi Sundowns. Ya kwanza huko Dar es Salaam ilikuwa 0 kwa 0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini kwenye mstari, ukatoka. Uliingia? Haukuingia? Picha zikakaguliwa, goli halikukubaliwa. Mechi ikaisha 0 kwa 0, na Sundowns wakashinda kwa penalti 3 kwa 2. Hapa Bariadi watu hawakulala usiku ule, wengine kwa uchungu, na watani wao kwa furaha. Sasa swali lile halikuwa la kusudi wala la mahali pa mkono. Mpira ama umepita mstari wote, ama haukupita. Kuna mitambo maalumu ya mstari wa goli ambayo humjulisha refa mara moja, lakini katika mechi ile haikuwapo. Kulalamika kwa jambo kama hilo ni haki ya mtu, sawa na mkulima anayetaka mizani nzima.

Huko Ulaya wameongeza mizani iliyo kali zaidi. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ya 2024, yaliyochezwa Ujerumani, ndani ya mpira kiliwekwa chombo kidogo kinachopeleka habari mara 500 kwa kila sekunde. Mpira ukiguswa, chombo chajua. Tarehe 29 Juni, Dortmund, Ujerumani na Denmark walikuwa 0 kwa 0. Krosi ya David Raum ilipita karibu na Joachim Andersen wa Denmark, ikamparuza vidole. Macho ya watu hayakuona. Chombo kikaona. Refa Michael Oliver akaenda kwenye picha, akatoa penalti, Kai Havertz akafunga, na Denmark wakatoka kwa 2 kwa 0. Dakika chache kabla ya hapo goli la huyo huyo Andersen lilikuwa limekataliwa kwa ajili ya kuotea kwa mwenzake. Kocha wao alilalamika kwamba mabeki hawawezi kukimbia mikono imefungwa mgongoni, na mimi nakubaliana naye. Mtu gani akimbia bila mikono?

Siku 6 baadaye, tarehe 5 Julai, Stuttgart, Ujerumani hao hao walicheza na Hispania. Dakika za nyongeza, 1 kwa 1. Jamal Musiala akapiga mpira kwa nguvu kuelekea golini, ukamgonga Marc Cucurella wa Hispania kwenye mkono wa kushoto. Huo haukuhitaji chombo; kila mtu aliuona. Refa Anthony Taylor akasema hakuna penalti, na chumba cha picha hakikumwita. Hispania wakafunga goli la pili karibu na mwisho, wakashinda, kisha wakachukua kombe. Mwezi Septemba mwaka huo kamati ya marefa ya Ulaya ikaeleza kwamba ile ilistahili kuwa penalti. Kwa Wajerumani maneno hayo yalifika ng'ombe wakiwa wamekwisha kula mtama.

Vidole vilivyoparuzwa, penalti. Mkono uliozuia mpira wa golini, hakuna penalti. Mashindano yale yale, picha zile zile, chombo kile kile ndani ya mpira. Mizani ilikuwa kali sana, na hata hivyo madaraja yalitofautiana, kwa sababu daraja latoka kichwani mwa mtu.

Mama wa Meatu, hilo ndilo wanao walilogombania. Mmoja alikuwa akisema kilo, mwingine akisema daraja. Yule anayesema "umegusa, nimeona" asema kweli. Na yule anayesema "si kosa" huenda naye asema kweli. Ukiwauliza swali moja moja, kwanza kama uligusa, kisha mkono ulifikaje pale, nafikiri utaona kwamba la kwanza walikubaliana tangu mwanzo.

Sasa nirudi Itilima. Yule beki alikuwa akianguka, na mkono wake ulikuwa chini umeuhimili mwili. Hakuupeleka kwenye mpira. Mtu aanguke ubavu asijishike? Kwa jinsi nilivyoisoma sheria, mwalimu yule alihukumu sawa, tena alihukumu kwa mara moja, jua machoni, bila ya chumba cha picha wala msaidizi. Karani mwenzangu ofisini, aliyekuwapo pamoja nami siku ile, asema mkono ulikuwa umetoka mbali kidogo na mwili kuliko ulivyohitajika. Tumebishana juu ya hatua hiyo moja mara nyingi, tukinywa chai, na hatujarushiana jiwe. Nilikwenda kumwona yule mwalimu, nikamwomba radhi kwa kelele zangu. Alinikaribisha vizuri. Juu ya filimbi alisema atafikiri.

Mwalimu wa darasa, sasa tuna dakika za zoezi. Wagawe wanafunzi wawili wawili, na kila wawili wachore mistari miwili katika daftari. Juu ya mstari wa kwanza waandike: MPIRA ULIGUSA MKONO? Juu ya mstari wa pili: MKONO ULIFIKAJE PALE? Kisha nitasoma habari tatu, polepole.

Ya kwanza. Beki amesimama mikono imetanuka kama mtu anayefukuza kuku. Mpira unamgonga kiganjani. Asema hakuuona.

Ya pili. Mshambuliaji anaruka kupiga kichwa, mpira unamgonga bega, juu ya usawa wa kwapa, unaingia golini.

Ya tatu. Beki anapiga mpira kwa mguu wake mwenyewe ili auondoe, unapaa juu na kumgonga mkononi, nao mkono ulikuwa karibu na ubavu.

Andikeni majibu kwa sentensi nzima, si kwa neno moja la "ndiyo" au "siyo". Mkitofautiana, kila mtu aandike lake na sababu yake, na mniletee barua kwa mkono wa mwalimu wenu. Nitazisoma baadhi yake juma lijalo, kabla ya kurudi kwenye risiti ya pamba, ambako tutajifunza kutoa kilo za gunia tupu katika kilo za mzigo. Njooni na risiti zenu za msimu uliopita kama bado mnazo.

Na wale vijana wawili wa Meatu, kama mko hapo karibu na redio ya mama yenu, shamba bado halijapaliliwa.